Gesi Mbili Chafu, Tanuri Moja na Hesabu Inayorukwa

Kwenye karatasi, ni vigumu kupata mmenyuko wa kemia unaovutia kuliko huu. Unachukua molekuli moja ya methani na moja ya hewa ukaa, yaani zile gesi mbili zinazoongoza kwa kuipasha dunia joto, unazipitisha juu ya kichocheo chenye moto mkali, na upande wa pili zinatoka molekuli mbili za kaboni monoksidi na mbili za hidrojeni. Mchanganyiko huo ndio gesi sanisi, malighafi ya methanoli, ya asidi ya asetiki, ya dizeli inayoundwa kiwandani na ya kemikali nyingine chungu nzima. Taka hakuna. Kila atomu iliyoingia imetoka ikiwa na thamani. Si ajabu basi kwamba habari za vichocheo vipya hazikauki, na karibu zote zinaimba wimbo mmoja: gesi mbaya zimegeuzwa mali.

Naupenda mmenyuko huu, lakini unauzwa kwa sifa isiyo yake. Dai kwamba ni dawa ya kupunguza kaboni angani halihimili hesabu ya nusu ukurasa, na kadiri tunavyolirudia ndivyo tunavyofunika mahali ambapo njia hii inastahili kweli kujengwa.

Kwanza, haikugunduliwa juzi. Wajerumani Franz Fischer na Hans Tropsch, walewale ambao majina yao yamebaki kwenye njia ya kuunda mafuta kutokana na makaa ya mawe, waliichunguza mwaka 1928. Karibu karne nzima imepita. Malighafi ni rahisi kupatikana, bidhaa ina soko, na bado viwanda vinavyoitegemea njia hii kavu, isiyotumia mvuke wa maji, ni vya kuhesabu kwa vidole. Lazima kuna kinachoizuia, na jibu linalotolewa mara nyingi ni masizi.

Jibu hilo si la uongo. Methani ni molekuli kaidi, hewa ukaa ni kaidi zaidi, kwa hiyo hata ukiwa na kichocheo unahitaji joto la nyuzi 700 hadi 900 za Selsiasi. Metali inayotumika zaidi ni nikeli, kwa sababu ni ya bei nafuu na inaivunja methani vizuri. Tatizo ni kwamba inaivunja vizuri mno. Uso wa nikeli unanyofoa hidrojeni moja baada ya nyingine mpaka inabaki kaboni tupu. Oksijeni iliyotoka kwenye hewa ukaa ikiwahi, kaboni hiyo inageuka kaboni monoksidi na kwenda zake. Ikichelewa, kaboni inazama ndani ya chembe ya nikeli, inatokea upande wa chini, na inaanza kuota kama unywele huku ikiinyanyua chembe yenyewe kutoka mahali ilipokaa. Picha za darubini ya elektroni zinaonyesha uzi mweusi mrefu, na nikeli imekaa kwenye ncha kama kofia.

Kinachokera ni kwamba chembe iliyo kwenye ncha ya unywele bado iko hai. Inaendelea kubadilisha gesi, tena inaendelea kuotesha unywele. Kwenye maabara, ambako kichocheo ni miligramu chache za unga wa kijivu ndani ya tyubu nyembamba ya kwazi, dalili ya kwanza mara nyingi huonekana kwenye geji ya mgandamizo kabla haijaonekana kwenye grafu ya ufanisi: gesi inaanza kupata shida ya kupita. Ukifungua tyubu, unga umekuwa mweusi, umefura, na umechukua nafasi kubwa kuliko ulipowekwa. Kwenye mtambo mkubwa nywele hizohizo hupasua punje za kichocheo na kuziba njia kabisa.

Masizi haya yana milango miwili. Wa kwanza ni methani kujivunja yenyewe kuwa kaboni na hidrojeni, jambo linaloshika kasi joto likipita nyuzi 550 hivi. Wa pili ni kaboni monoksidi: molekuli zake mbili hurudiana zikatoa kaboni moja na hewa ukaa moja, na hilo hupendelea joto la chini ya nyuzi 700. Tazama namba hizo zinavyopandana. Kati ya 550 na 700 milango yote miwili iko wazi. Anayepunguza moto ili abane gharama za mafuta anaingia humohumo, na hata anayefanya kazi kwenye nyuzi 850 lazima gesi yake ipite ukanda huo wakati wa kupoa.

Wakemia wamepambana na hili kwa ubunifu ambao mtu hawezi kuacha kuusifu. Rodiamu na rutheniamu hazina ugonjwa wa nywele kwa kiwango cha nikeli, kwa kuwa kaboni haizami ndani yake kirahisi. Ila rodiamu inayochimbwa duniani kote kwa mwaka ni makumi machache ya tani, na hakuna mhasibu atakayekubali ijazwe kwenye mamia ya tyubu za kiwanda. Wengine wameiweka nikeli juu ya oksidi ya lanthanamu, ambayo hukamata hewa ukaa, ikawa kabonati, kisha ikakabidhi oksijeni kwa masizi yaliyo jirani na kurudi ilivyokuwa. Wengine wamepunguza ukubwa wa chembe, kwa sababu chini ya nanomita 10 hivi unywele hauoti kwa urahisi. Hapo nako kuna mtego. Nikeli huyeyuka kwenye nyuzi 1,455, lakini ikifika kama 590 atomu zake huanza kutambaa, hivyo kwenye nyuzi 800 chembe ndogo hutembea, hukutana na kuungana kuwa kubwa.

Mbinu ninayoipenda zaidi ni ya Wadenmaki wa kampuni ya vichocheo ya Haldor Topsøe, waliyoifikisha kiwandani miaka ya 1980. Salfa ni sumu ya nikeli, kila mwanafunzi wa kemia anajua. Wao waliitia makusudi, kidogo kidogo. Walikuwa wametambua kwamba masizi yanahitaji kundi kubwa zaidi la atomu za nikeli zilizo jirani kuliko mmenyuko wenyewe unavyohitaji, kwa hiyo salfa kiasi inavunja makundi makubwa na kuyaacha madogo yakifanya kazi. Kichocheo kinapoteza kasi nyingi, ila hakizibi. Ni suluhisho la mtu aliyewahi kulala karibu na mtambo.

Mwaka 2020 timu ya mkemia Cafer Yavuz kutoka taasisi ya KAIST ya Korea Kusini ilitangaza katika jarida la Science kichocheo cha nikeli na molibdenamu kilichokaa kwenye fuwele za oksidi ya magnesiamu, fuwele walizozipata kwa kuichoma magnesiamu ndani ya hewa ukaa. Chembe za metali zilisogea mpaka kwenye kingo za fuwele, zikakwama hapo, hazikuungana tena. Kichocheo kilifanya kazi saa 850 mfululizo kwenye nyuzi 800 bila kuonyesha masizi. Hiyo ni kazi ya hali ya juu. Lakini saa 850 ni siku 35 na ushei. Kichocheo cha njia ya mvuke, ile inayochanganya methani na mvuke wa maji badala ya hewa ukaa na inayotegemewa na viwanda vya hidrojeni na amonia, hukaa ndani ya tyubu miaka kadhaa.

Na hiyo ni mojawapo ya makala zilizo makini. Ukisoma masharti ya majaribio katika nyingi nyingine unaanza kukuna kichwa. Mgandamizo ni wa kawaida wa hewa. Gesi imechanganywa na nitrojeni au argoni hadi imepungua makali. Kichocheo ni kingi kuliko gesi inayopita, kiasi kwamba nusu yake ikifa, nusu iliyobaki inatosha kuufikisha mmenyuko kwenye ukomo wake wa kimaumbile, na grafu inabaki imenyooka kana kwamba hakuna kilichotokea. Mstari ulionyooka wa aina hiyo hauthibitishi uimara wa chochote. Unathibitisha kwamba unga ulikuwa mwingi.

Kiwandani hakuna anayetaka mgandamizo wa kawaida. Gesi ni nyingi, mabomba yangekuwa makubwa mno, na hatua zinazofuata kama kuunda methanoli zinadai mgandamizo wa mara 50 hadi 100. Mitambo ya mvuke hufanya kazi kwenye mara 20 hadi 30. Sasa njia kavu inaingiza molekuli mbili na kutoa nne, na kanuni ya Le Chatelier haina huruma: ukiikandamiza gesi, mmenyuko unarudi nyuma. Kwenye nyuzi 800, mgandamizo wa kawaida unaruhusu zaidi ya asilimia 85 ya methani ibadilike. Kwenye mara 20, ukomo huo unashuka hadi karibu nusu. Hakuna kichocheo kinachoweza kuusogeza, maana kazi ya kichocheo ni kukufikisha kwenye ukomo haraka. Ama upandishe moto zaidi, ama ujenge mitambo ya kutenganisha gesi iliyobaki na kuirudisha.

Tena kuna jambo lisiloonekana kabisa kwenye unga wa maabara. Gesi yenye kaboni monoksidi nyingi na mvuke kidogo, inapopoa kupitia nyuzi 800 hadi 400, huila chuma chenyewe: kaboni inapenya ukuta wa bomba, na chuma kinapukutika kuwa unga. Unaweza kuwa na kichocheo bora kuliko vyote duniani na bado boila iliyo nyuma yake ikatoboka.

Tuseme lakini kwamba hayo yote yametatuliwa, kichocheo hakizibi wala hakizeeki. Tuingie kwenye hesabu niliyoitaja, ambayo ndiyo moyo wa suala.

Mmenyuko huu unakula joto, kilojuli 247 kwa kila moli (kipimo cha wakemia cha kuhesabu molekuli) ya hewa ukaa. Njia ya mvuke hula 206. Joto hilo katika mitambo iliyopo hutoka kwa kuchoma methani nyingine nje ya tyubu, na moli moja ya methani ikiungua hutoa kilojuli 802 pamoja na moli moja ya hewa ukaa. Gawanya 247 kwa 802, unapata 0.31. Maana yake, kwa kila tani moja ya hewa ukaa inayomezwa na kichocheo, kilo 310 zinatoka kwenye bomba la moshi, na hapo nimeazima tanuri la ndoto lisilopoteza hata chembe ya joto. Kwenye matanuri halisi, kama nusu ya joto ndiyo inaingia kwenye mmenyuko. Sehemu kubwa ya iliyobaki huenda kutengeneza mvuke, ambao unaweza kuwa na kazi au usiwe nayo. Usipokuwa na kazi, zinatoka kilo 620. Umebaki na kilo 380, na bado hujalipia umeme wa kuikamata hewa ukaa, kuisafisha na kuikandamiza.

Sasa ongeza kisima. Kubadilisha tani hiyo moja kunahitaji kilo 364 za methani ndani ya tyubu na kama kilo 225 za kuchoma, jumla karibu kilo 590. Ikiwa asilimia 2 tu ya gesi inavuja kati ya kisima na tanuri, hizo ni kilo 12. Kwa kipimo cha miaka 100, kila kilo ya methani ya ardhini inapasha dunia joto sawa na karibu kilo 30 za hewa ukaa, kwa hiyo uvujaji huo una uzito wa kilo 360. Zile 380 zimekaribia kwisha. Kwa kipimo cha miaka 20, ambacho huifanya methani kuwa kali zaidi ya mara 80, tumekwisha kuingia kwenye deni.

Mtetezi wa njia hii atanijibu kwamba siyo haki kulinganisha na kutofanya kitu: dunia inahitaji kaboni monoksidi na methanoli hata hivyo, basi linganisha na njia nyingine ya kuzitengeneza. Namkubalia kabisa. Ila akishasema hivyo ameiacha hadithi ya kusafisha anga na kuja kwenye hadithi ya kiwanda chenye moshi kidogo kuliko cha jirani. Hiyo ni hadithi halali, lakini haina shangwe ileile. Tena bidhaa yenyewe ikiwa ni mafuta ya kuchoma, kaboni yote iliyokamatwa inarudi angani siku dizeli hiyo inapoungua.

Ukubwa nao una la kusema. Dunia hutengeneza zaidi ya tani milioni 100 za methanoli kwa mwaka, na ni miongoni mwa kemikali zinazotengenezwa kwa wingi zaidi. Chukua milioni 100 kamili, useme zote zitengenezwe kwa njia kavu na nusu ya kaboni yake itoke kwenye hewa ukaa. Utakuwa umetumia tani milioni 69. Nishati ya visukuku hutoa zaidi ya tani bilioni 37 kila mwaka. Soko zima la methanoli, likigeuzwa lote kwa siku moja, linagusa chini ya asilimia 0.2.

Na methanoli si mteja anayefaa hata hivyo. Inahitaji hidrojeni mbili kwa kila kaboni monoksidi moja, na njia kavu inatoa moja tu kwa kila moja, tena ikiwa na bahati, kwa sababu sehemu ya hidrojeni huungana na hewa ukaa ikatoa maji. Mafuta ya Fischer na Tropsch yanataka karibu uwiano uleule wa mbili. Amonia inataka hidrojeni peke yake. Wateja wakubwa wote watatu, basi, wanahudumiwa vizuri zaidi na njia ya mvuke, yenye hidrojeni nyingi zaidi.

Wapo wanaotaka kinyume chake. Kuunda asidi ya asetiki kunahitaji kaboni monoksidi ya kuunganishwa na methanoli. Malighafi za poliurethani na polikaboneti zinaihitaji pia. Aldehaidi zinazozaa vilainishi vya plastiki zinataka hasa gesi yenye uwiano wa moja kwa kila moja, na dimethili etha ikiundwa kwa hatua moja nayo vilevile. Kwa watu hawa, njia ya mvuke inawaachia hidrojeni wasiyoihitaji, na hapo hewa ukaa inakuwa chanzo cha bei nafuu cha kaboni na oksijeni. Nadhani hii ndiyo sababu kampuni ya gesi ya Linde ya Ujerumani, ilipofungua mtambo wa majaribio huko Pullach karibu na Munich mwaka 2015, ikishirikiana na kampuni ya kemikali ya BASF kwenye kichocheo, haikutupa mvuke wote. Ilipunguza tu. Mvuke kidogo unalinda tyubu dhidi ya masizi, na hewa ukaa nyingi inashusha uwiano mpaka mahali mteja anapoutaka. Wanaofanya kazi ya viwanda wameshaacha kugombania usafi wa mlinganyo. Wanachanganya maji, hewa ukaa na mara nyingine oksijeni kulingana na kinachohitajika mlangoni.

Kuna njia mbili za kuigeuza hesabu ya joto. Mojawapo ni umeme. Mwaka 2019 watafiti wa Denmark walionyesha tyubu ya mvuke inayopashwa moto na umeme unaopita kwenye ukuta wake wenyewe, bila mwali wowote. Umeme ukiwa safi, zile kilo 310 au 620 zinatoweka. Gharama yake ni saa-kilowati 1,560 kwa kila tani ya hewa ukaa kabla ya hasara yoyote, kiasi kikubwa lakini si cha kutisha, maana sehemu kubwa ya nishati inaletwa na methani yenyewe. (Majaribio ya kutumia vioo vya jua, kama yale ya Taasisi ya Weizmann ya Israeli, yalionyesha pia kwamba joto linaweza kutoka juani, tatizo ni kwamba tyubu hazipendi kupoa kila jioni.)

Njia ya pili ni kubadilisha methani. Bayogesi inayotokana na samadi, majitaka au mabaki ya mimea huwa na methani asilimia 50 hadi 70, na karibu yote iliyobaki ni hewa ukaa. Zimekuja pamoja tayari, hakuna wa kulipwa kuzitenganisha. Leo wenye mitambo wanalipa fedha nyingi kuiondoa hewa ukaa hiyo na kuiachia angani ili wauze methani tupu. Chukua bayogesi ya 60 kwa 40, ongeza mvuke kidogo: methani tatu, hewa ukaa mbili na maji moja hutoa kaboni monoksidi tano na hidrojeni saba. Kaboni inayotoka kwenye bomba la tanuri nayo, ikiwa tanuri linachoma bayogesi, ilitoka kwenye mimea msimu uliopita. Uvujaji unabaki kuwa dhambi ileile, lakini sehemu nyingine zote za hesabu ile zinabadilika ishara.

Kinachobaki hapo ni kazi ngumu isiyo na mvuto wa jarida. Bayogesi ina hidrojeni salfidi, ile yenye harufu ya mayai viza, na ile ya majalala huongeza misombo ya silikoni inayogeuka mchanga mwembamba juu ya kichocheo. Salfa ya gesi ghafi si ile ya kipimo cha Topsøe. Leo inakuja kidogo, kesho nyingi. Tena mitambo ya bayogesi imetawanyika, kila mmoja ukitoa mita za ujazo mia kadhaa kwa saa, wakati teknolojia ya kuunda mafuta na kemikali kutokana na gesi sanisi imekuzwa kwa viwanda vinavyohitaji maelfu kwa maelfu. Kichocheo kinachostahimili salfa inayopanda na kushuka, ndani ya mtambo mdogo unaowashwa na kuzimwa bila kuharibika, kingekuwa na thamani kuliko rekodi nyingine ya saa elfu moja kwenye gesi safi ya mtungi.